Treni ya uwanja wa ndege ni ya nani?

Jumapili ya tarehe 17 Mei 1936, abiria waliokuwa wanakwenda Paris walipanda treni stesheni ya Victoria, London, saa 6:28 mchana. Saa 7:10 walikuwa wameshafika uwanja wa ndege wa Gatwick. Saa 7:30 ndege ikaruka, na saa 9:00 wakawa Paris. Tiketi ilikuwa pauni 4 na shilingi 5, na ndani ya bei hiyo kulikuwa na nauli ya treni ya daraja la kwanza. Stesheni ya Gatwick iliunganishwa na jengo la abiria kwa njia ya watembea kwa miguu iliyopita chini ya ardhi, kwa hiyo hata kama mvua ilikuwa inanyesha (na kule hunyesha kweli) abiria hakulowa. Jengo lenyewe ni la mviringo, Waingereza wanaliita Mzinga wa Nyuki, na bado limesimama.

Naanza na habari hiyo kwa sababu watu wengi tunadhani treni ya kwenda uwanja wa ndege ni maendeleo ya juzi juzi. Sivyo. Wajerumani walikuwa wametangulia hata hao Waingereza. Tarehe 10 Septemba 1927 Berlin ilifungua stesheni ya treni ya chini ya ardhi kwa ajili ya uwanja wa Tempelhof, na wala hawakujisumbua kutafuta jina, waliiita tu "Flughafen", yaani uwanja wa ndege. Mwaka 1937 ikabadilishwa jina kuwa Paradestraße.

Tukiangalia vizuri tiketi ile ya 1936 tunaona jambo jingine. Daraja la kwanza. Treni ile iliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye uwezo wa kuruka kwenda Paris, na wakati ule watu hao walikuwa wachache sana. Mfagiaji wa uwanja, mpishi, fundi wa injini, mpakia mizigo, wote hao walikuwepo pale Gatwick lakini hakuna aliyekuwa anawafikiria wakati reli inapangwa. Historia yote inayofuata, kwa maoni yangu, ni mvutano juu ya swali hilo hilo: treni ya uwanja wa ndege ni ya abiria wa ndege, au ni ya mji pamoja na wote wanaouendesha huo uwanja? Mkijibu vibaya, mnajenga reli ya mabilioni halafu mtu anayeihitaji kila siku hawezi kuipanda.

Baada ya vita kuu ya pili, treni ilisahauliwa. Gari na basi vikashika usukani. Uwanja wa Heathrow ulifunguliwa kwa ndege za kiraia mwaka 1946, na kwa zaidi ya miaka 30 haukuwa na reli. Utaratibu wao ulikuwa huu: ulikwenda kwenye jengo la mjini, mfano lile la Cromwell Road, ukakaguliwa tiketi na kukabidhi mzigo hapo hapo, kisha ukapakiwa kwenye basi la shirika la ndege hadi uwanjani. Utaratibu mzuri tu, mpaka siku barabara zilipojaa magari.

Mji wa kwanza Amerika ya Kaskazini kufikisha treni ya mjini uwanja wa ndege haukuwa New York wala Chicago. Ulikuwa Cleveland, jimbo la Ohio, Novemba 1968. London wakafuata kwa njia ya Piccadilly, kipande kwa kipande: kwanza Hatton Cross mwaka 1975, halafu tarehe 16 Desemba 1977 Malkia Elizabeth akafungua stesheni ya Heathrow Central. Mwaka huo alikuwa anasherehekea miaka 25 ya utawala wake.

Mimi naipenda sana njia ya Piccadilly kuliko treni zote za viwanja vya ndege. Sababu ni kwamba haina maringo. Ni treni ya kawaida ya mjini iliyoongezwa urefu. Mabehewa yake yalitengenezwa na nafasi kubwa kidogo karibu na milango ili mtu mwenye sanduku apate pa kusimama, basi, tofauti imeishia hapo. Inasimama Hounslow West, Hounslow Central, Hounslow East, mitaa ambayo maelfu ya wafanyakazi wa Heathrow wanaishi. Kutoka katikati ya London unatumia karibu saa nzima, na pembeni yako anaweza kukaa meneja wa benki anayekwenda Zurich na mama anayekwenda kuosha vyombo kwenye jiko la ndege.

Huyo mama si wa kutunga kwa ajili ya makala. Agosti 2005 kampuni ya Gate Gourmet, iliyokuwa ikiipikia British Airways, iliwafukuza mamia ya wafanyakazi wake wa Heathrow, wengi wao wanawake wenye asili ya Asia kutoka mitaa ya jirani. Wapakia mizigo na wafanyakazi wengine wa British Airways wakagoma kuwaunga mkono. Ndege zikalala chini, abiria makumi kwa makumi ya maelfu wakakwama. Siku zile dunia ilijua kwamba bila wapishi wa vyakula vya kwenye trei, uwanja mkubwa kuliko yote Ulaya hauendi.

Lakini wakuu wa uwanja walitaka kitu chenye hadhi zaidi. Wakajenga Heathrow Express. Kazi haikuwa nyepesi, Oktoba 1994 mahandaki yaliporomoka katikati ya uwanja, bahati tu hakuna aliyekufa. Juni 1998 Waziri Mkuu Tony Blair akaizindua: dakika 15 kutoka Paddington. Nauli ilianza kama pauni 10 na miaka ya baadaye ikafika pauni 25 kwa anayenunua siku hiyo hiyo. Treni nzuri, safi, ya haraka, na haisimami mahali popote kati ya mjini na uwanjani. Maana yake mitaa yote inayopitwa inaisikia kelele tu. Mwaka 2022 London ilipofungua njia ya Elizabeth, inayofika Heathrow pia na kuendelea moja kwa moja mpaka katikati ya mji kwa karibu nusu ya nauli ile, watu wengi walijiuliza Heathrow Express inabaki na kazi gani.

Sasa twende New York, maana huko ndiko kwenye kisa chenyewe.

Uwanja tunaouita leo JFK ulifunguliwa mwaka 1948 ukijulikana kama Idlewild. Mtu aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya barabara za mji ule alikuwa Robert Moses. Hakuwahi kuchaguliwa na wananchi kwa kura hata moja, lakini kwa miongo kadhaa alijenga alichotaka na kubomoa alichotaka. Alikuwa anajenga barabara kubwa ya Van Wyck kuelekea uwanja huo mpya. Robert Caro, katika kitabu chake The Power Broker cha mwaka 1974, anaeleza kwamba afisa mmoja wa mipango miji alimshauri Moses aache nafasi katikati ya barabara ili siku moja reli ipite. Ardhi ilikuwa bado rahisi, na shimo lilikuwa linachimbwa tayari. Moses alikataa. Van Wyck ikafunguliwa kuanzia mwaka 1950 bila nafasi ya reli, na foleni yake ikawa maarufu kama foleni zetu za Tazara enzi zile.

Kibaya zaidi, reli haikuwa mbali. Mwaka 1956 treni ya chini ya ardhi ilianza kupita Howard Beach, pembeni kabisa ya uwanja, kwenye njia ya zamani ambayo jiji liliinunua baada ya daraja lake kuungua mwaka 1950. Fikiria hilo. Treni inapita jirani, ndege unaziona zikishuka, lakini hakuna njia ya kukufikisha pale zilipo. (Kabla hatujawacheka: reli yetu ya kati inapita jirani na uwanja wa Julius Nyerere ikielekea Pugu, na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ikitoka Dar es Salaam kituo chake cha kwanza ni hiyo hiyo Pugu. Uwanja unapungiwa mkono tu.)

Mwaka 1968 ulitoka mpango mkubwa wa usafiri wa New York ambao pamoja na mengine ulitaka reli ifike JFK. Miaka michache baadaye jiji likakaribia kufilisika na mpango ukalala. Ndipo mwaka 1978 wakaja na njia ya mkato. Wakaiita JFK Express, na tangazo lake la redioni na kwenye televisheni lilikuwa na wimbo ambao wakazi wa umri fulani bado wanaukumbuka, likiwaambia watu wapande treni kwenda kwenye ndege. Tatizo ni kwamba treni haikwenda kwenye ndege. Ilikwenda Howard Beach, na hapo ukashuka na mabegi yako ukapanda basi.

Nauli yake ilikuwa mara kadhaa ya nauli ya kawaida ya treni, ambayo wakati huo ilikuwa senti 50. Ndani kulikuwa na askari, kwa sababu treni za New York za miaka ile zilikuwa na sifa mbaya na msafiri alihitaji kutulizwa moyo. Ikishatoka Jay Street, Brooklyn, haikusimama mpaka Howard Beach. Abiria waliokuwa wanasubiri treni yao kwenye stesheni za katikati waliiona inapita mbele yao ikiwa na viti vitupu. Nadhani hakuna namna ya haraka zaidi ya kuwafanya watu wauchukie mradi wa serikali kuliko hiyo. Abiria walizidi kupungua, na Aprili 1990 JFK Express ikafutwa. Wafanyakazi wa uwanja wala hawakuhangaika nayo tangu mwanzo. Wao walikuwa na basi lao la Q10 linalopita mitaa ya Queens hadi uwanjani, la polepole, linalojaa, la nauli ya kawaida.

Mwaka huo huo wa 1990 Bunge la Marekani lilifanya jambo ambalo ndilo lililoamua sura ya reli ya JFK hadi leo, ingawa kwenye picha za uzinduzi huwezi kuliona. Liliruhusu viwanja vya ndege kumtoza kila abiria anayeruka tozo ya hadi dola 3. Kwa uwanja wenye mamilioni ya abiria hizo ni fedha nyingi. Ila kulikuwa na sharti: fedha za tozo zitumike kwa manufaa ya uwanja na abiria wake tu. Huwezi kuchukua fedha ya msafiri wa ndege ukamjengea mkazi wa Brooklyn treni ya kwenda kazini.

Wanaoendesha JFK ni Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey. Usishangae, huko mamlaka ya bandari inamiliki mpaka viwanja vya ndege. Kwanza waliota ndoto kubwa, reli ya kutoka Manhattan ipite LaGuardia mpaka JFK, na mwaka 1995 wakaiacha kwa sababu ya gharama. Kilichobaki kilipimwa kwa rula ya lile sharti. Kama wangerefusha treni ya kawaida ya chini ya ardhi iingie ndani ya uwanja, kama Cleveland, kama London, ingekuwa treni ya kila mtu, na fedha za tozo zingekataliwa. Kwa hiyo wakabuni treni ya pembeni, isiyochanganyika na mtandao wa mji, inayoanzia mlangoni mwa mji na kuishia uwanjani. Hata hivyo mashirika ya ndege yalikwenda mahakamani kupinga, yakisema tozo inatumika vibaya.

Ujenzi ulianza mwaka 1998. Tarehe 27 Septemba 2002, wakati wa majaribio, treni moja iliacha njia. Ndani ilikuwa imepakiwa vitalu vizito vya zege ili kuigiza uzito wa abiria. Vitalu vikasogea mbele na kumbana dereva, kijana wa miaka 23, akafa. Nimeona nimtaje hapa kwa sababu kwenye masimulizi ya mradi huu utasikia sana habari ya dola bilioni 1.9 zilizotumika, yeye husikii.

AirTrain ilifunguliwa tarehe 17 Desemba 2003, ina urefu wa kilomita 13. Tawi lake la Jamaica limejengwa juu ya nguzo katikati ya barabara ya Van Wyck, pale pale ambapo Moses alikataa kuacha nafasi. Miaka 50 na zaidi imepita, magari yakiwa yanapita chini, ndiyo wakaanza kuchimba misingi ya nguzo.

Sasa sikiliza nauli. Ukizunguka ndani ya uwanja, kutoka jengo moja hadi jingine, hulipi. Ukienda Lefferts Boulevard, ambako ndiko kwenye maegesho ya magari, hulipi. Ukienda Howard Beach au Jamaica kuunganisha na treni za mji, unalipa. Mwaka 2003 ilikuwa dola 5, wakati nauli ya treni ya chini ya ardhi ilikuwa dola 2. Mwaka 2019 ikapandishwa hadi dola 7.75. Kwa maneno mengine, aliyekuja na gari lake anapanda bure, aliyekuja kwa treni ndiye anayechajiwa. Watetezi wanasema mwenye gari ameshalipia maegesho, na wafanyakazi wana tiketi za mwezi zenye unafuu. Sawa, lakini bado mfagiaji wa JFK anayeishi Brooklyn anapiga hesabu ambayo mwenzake wa Heathrow hapigi, na wengi wakishapiga wanaishia kwenye lile basi la Q10.

Chicago walikwenda njia nyingine. Mwaka 1984 treni ya kawaida ya mji, ambayo leo inaitwa Blue Line, ilifika chini ya uwanja wa O'Hare ikipita katikati ya barabara kuu, na inatembea saa 24. Hilo la saa 24 ni muhimu kuliko kasi. Uwanja wa ndege haulali. Tarehe 24 Machi 2014, saa tisa kasoro dakika kumi usiku, treni ya Blue Line ilishindwa kusimama O'Hare, ikapanda juu ya ngazi za umeme. Dereva alikuwa amesinzia. Zaidi ya watu 30 waliumia, hakuna aliyekufa, na kama ingetokea mchana ngazi zile zikiwa zimejaa tungekuwa tunaongea mengine. Wachunguzi waliongelea sana uchovu wa zamu za madereva, na walikuwa na haki. Mimi nilibaki na swali jingine: saa tisa usiku nani anakwenda uwanja wa ndege kwa treni ya mji? Ndege za alfajiri haziondoki bila mtu kuwahi kuzifagia na kuzijaza mafuta, na kuwahi huko kunahitaji treni.

Afrika mfano unaotajwa sana ni Gautrain ya Afrika Kusini, iliyofunguliwa tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, ikiunganisha uwanja wa O.R. Tambo na Sandton kwa dakika 15 hivi. Ni treni ya kujivunia. Vyama vya wafanyakazi vilisema tangu mapema kwamba ni treni ya wenye nazo, na ukiangalia Sandton ni mtaa wa namna gani huwezi kusema walikuwa wanaonea.

Berlin nako, mji ulioanza vizuri mwaka 1927, walifanya kituko. Uwanja mpya wa Berlin Brandenburg ulitakiwa kufunguliwa Juni 2012. Stesheni ya treni chini yake ilikuwa tayari, majukwaa yanang'aa. Wiki chache kabla, ufunguzi ukaahirishwa kwa sababu ya mifumo ya moto, na ukaendelea kuahirishwa mpaka tarehe 31 Oktoba 2020. Miaka yote hiyo ilibidi treni tupu zipelekwe kwenye handaki ili kusukuma hewa, vinginevyo unyevu ungeiharibu stesheni. Treni bila abiria, uwanja bila ndege, dereva peke yake anapeleka upepo.

Nimalizie na LaGuardia, uwanja wa New York ulio karibu zaidi na Manhattan, uliofunguliwa mwaka 1939 na mpaka leo hauna reli. Mpango wa kurefusha treni ya N kupitia Astoria uliachwa mwaka 2003 baada ya wakazi kupinga reli ya juu kupita kwenye mitaa yao. Mwaka 2015 Gavana Andrew Cuomo akatangaza AirTrain ya LaGuardia, ambayo ili ufike Manhattan ingekupeleka kwanza upande wa pili, ukiipa Manhattan mgongo, hadi Willets Point ukapande treni ya kurudi. Makadirio ya kwanza yalikuwa kama dola milioni 450. Yalipofika dola bilioni 2.4, mwaka 2023, Gavana Kathy Hochul akaufuta mradi.

Badala yake wamebaki na basi, Q70, ambalo tangu Mei 2022 halina nauli. Linapita Jackson Heights, mahali ambapo njia tano za treni ya chini ya ardhi zinakutana, kwa hiyo aliyepanda treni popote mjini, awe na sanduku au awe na sare ya kazi kwenye mfuko wa plastiki, anafika mlangoni kwa nauli moja.